Kifaru cha Miguu Kumi na Sita

Ninyi mlioripoti kazini mwaka huu na vyeti vipya, na viatu ambavyo bado havijaujua mchanga wa Mafia, karibuni. Mimi nimeondoka. Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, magoti mazima, macho yanahitaji msaada kidogo, na uvumilivu uliobaki unawatosha kuku wangu tu. Nilifundisha historia kwa karibu miaka thelathini katika shule moja ya sekondari huku kaskazini, ukishaipita Kirongwe, na nimeombwa niwaandikie nilichojifunza. Nilichojifunza ni kidogo. Lakini nilikosea sana, kwa hiyo ninayo mengi ya kuandika.

Kosa langu lililodumu kuliko yote ni Hungaria.

Mwaka wa mwisho chuo kikuu wenzangu waliandika tasnifu juu ya mambo ya maana: vyama vya ushirika, korosho, reli. Mimi niliandika juu ya maasi ya wananchi wa Hungaria ya mwaka 1956. Mkiniuliza kwa nini, nadhani ni kwa sababu kile ndicho kitabu pekee maktabani ambacho hakikuwa kimeazimwa. Nilikifungua nikiwa nimekaa, nikakimaliza nikiwa nimesimama. Wanafunzi wa mji wa Budapesti wanatoka barabarani na orodha ya madai. Wafanyakazi wa viwandani wanaungana nao. Wanaivuta sanamu kubwa ya dikteta wa Kisovieti mpaka yanabaki mabuti yake tu juu ya jiwe. Wanakata nembo ya utawala wa kikomunisti katikati ya bendera ya nchi, na bendera wanaipeperusha hivyo hivyo na tundu lake. Kwa siku chache inaonekana wameshinda, vifaru vya vita vya Warusi vinatoka mjini. Kisha mapema Novemba vinarudi, vingi zaidi ya vilivyoondoka, na mambo yanaishia hapo. Nilikasirika kama vile vifaru vile vimepita kwenye muhogo wa mama yangu.

Nikarudi kwetu Mafia na hasira hiyo kwenye begi. Muhtasari wa somo uliipa Vita Baridi vipindi viwili. Mimi niliipa sita, na vinne kati ya hivyo vilikwenda Budapesti. Nilifundisha kwa imla, kama nilivyofundishwa mimi: nasoma, wanaandika. Majina ya mitaa ya kule hayatamkiki, kwa hiyo niliyasema haraka, nikijifanya nina kikohozi.

Mtu aliyenifundisha kazi hakuwa profesa. Alikuwa Bi Tatu, mpishi wa shule. Jiko lake lilitazamana na darasa la kidato cha nne, dirisha kwa dirisha, na alinisikia kila siku huku akichambua mchele. Mwaka wangu wa pili akaniita.

"Mwalimu, leo wamesinzia tangu ulipofungua daftari."

"Umejuaje, Bi Tatu?"

"Nimesikia sufuria yangu ikichemka mpaka mwisho wa kipindi. Darasa likiwa macho siisikii sufuria."

Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye shahada, kwamba mada yenyewe ni ngumu.

"Hao watu wako wa Hungaria, asubuhi ile walikunywa chai?"

"Sijui."

"Walitoka nyumbani wamewaambia mama zao wanakwenda wapi?"

"Hilo pia sijui."

"Basi unafundisha watu usiowajua. Hata mimi ningelala."

Shikeni hilo, vijana, ndilo la kwanza na ni la thamani kuliko stashahada yenu ya ualimu. Usiseme "wananchi waliasi". Sema msichana fulani wa miaka kumi na saba alivaa koti la kaka yake, akamdanganya mama kwamba anafuata mkate. Darasa litaamka. Ila jihadharini na mifano. Baada ya ushauri huo nilijaribu kueleza theluji kwa watoto wa pwani. Nikasema ni kama barafu iliyosagwa ya kwenye makasha ya samaki, imemwagwa mji mzima. Wiki nzima nilijibu maswali ya samaki: wako wapi, ni wa aina gani, na kwa nini Warusi hawakuwachukua.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaota mvi na kujiamini kupita kiasi, niliamua Hungaria itoke darasani iende uwanjani. Mahafali ya kidato cha nne yalikuwa yanakaribia, nikaenda kwa Mkuu wa shule na wazo la igizo.

"Hii ndiyo ile nchi yako?" akauliza.

"Ndiyo, Mkuu."

"Mwisho wake unafurahisha?"

"Hapana, Mkuu. Wanakandamizwa."

"Mahafali ni siku ya furaha, mwalimu."

"Katikati panafurahisha sana."

Akasema nifanye, ila nisimtaje.

Bendera niliwapa wanafunzi kazi ya kushona: nyekundu, nyeupe na kijani, na nembo katikati ili ikatwe mbele ya watu. Wao wakaona kushona kitu ili ukikate ni upotevu wa nguvu, wakaleta bendera imeshatobolewa. Nikawaeleza kwamba utamu uko kwenye kukata. Wakarudi wakashonea kiraka cha nembo kwa uzi wa nyavu, mara tatu mzunguko. Kumbukeni jambo hili: mtoto wa mvuvi akishona kitu, hakikatiki.

Kifaru je? Chukua fito, tengeneza umbo la sanduku lisilo na chini, funika kwa turubai, toboa mbele upitishe bomba la plastiki liwe mzinga. Ndani ingiza watu wanane. Wa mbele peke yake ndiye mwenye tundu la kuchungulia, waliobaki wanafuata mgongo wa mwenzao. Ugumu ni kutembea. Miguu kumi na sita isipokwenda kwa mpigo mmoja, kifaru kinapasuka katikati.

Hapo nikaona nina bahati. Kila msimu huku kwetu wavuvi wa wilaya nyingine za pwani hupiga kambi ufukweni, dago kama wanavyoziita, na mwaka ule kambi moja ilikuwa imekaa miaka minne mfululizo bila kuondoka, na watoto wao wanane walikuwa wanasoma kwetu. Watoto wale walikuwa wamekua wakivuta mashua nchi kavu, mmoja anatoa sauti na wote wanavuta. Niliwaingiza ndani ya turubai, wakatembea kama mnyama mmoja. Kiongozi wao alikuwa Zuhura, wa kidato cha nne, mwanafunzi wangu bora wa historia mwaka ule, mwenye sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya maji. Nikampa ukamanda. Watoto wa kijiji wakawa wananchi wa Budapesti.

Wananchi wa Budapesti walikuwa na kaulimbiu yao, Warusi warudi kwao, nami sikutaka kuipunguza. Kwa hiyo mchana mmoja, katikati ya mazoezi, watoto sitini wa kijiji walikuwa wamewazunguka watoto wanane wa kambi, wanapiga makofi na kuimba kwa furaha isiyo kifani, "Nendeni kwenu! Nendeni kwenu!" Nami nimesimama pembeni, natabasamu, nawaambia waongeze sauti.

Bi Tatu akatoka jikoni na upawa mkononi.

"Mwalimu, unasikia unachowafundisha?"

"Historia, Bi Tatu."

"Hiyo siyo historia. Hayo ni ya mkutano wa kijiji wa juzi."

Nilikuwepo kwenye mkutano ule. Nilikaa safu ya mbele. Palikuwa na ugomvi wa nyavu kukatwa, na wazee kadhaa wakasimama wakataka kambi iondolewe, kwa maneno yale yale. Nilisikiliza, nikatikisa kichwa kwa busara, nikaenda nyumbani. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba nimewachukua wageni nikawafanya wavamizi, kisha nikawaandalia wenyeji kibwagizo. Nina shahada mbili.

Kesho yake viti vinane vilikuwa vitupu.

Nikamwomba Bi Tatu anisindikize kambini, maana peke yangu niliogopa, sioni haya kusema. Tulimkuta Nahodha Bakari, mkuu wa kambi na baba yake Zuhura, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa anaunga wavu. Tulisalimiana kwa salamu kamili, ya afya, ya nyumba na ya watoto, na zote akaitikia bila kunyanyua macho.

"Mwalimu," akasema mwishoni, "mimi kwa mdomo wa wazee nimeshazoea. Wazee wana hasira zao. Lakini shule? Nimepeleka mtoto asome, anarudi ananiambia leo tumefundishwa tuondoke."

"Ni igizo, Nahodha. Ni nchi nyingine kabisa. Warusi."

"Na Warusi ni sisi."

"Niliwachagua kwa sababu wanatembea pamoja."

"Tunatembea pamoja, ni kweli. Jumamosi ya baada ya mahafali tunaondoka pamoja. Hatukai mahali watoto wanapoimba tuondoke."

Zuhura alikuwa nyuma ya kibanda, na alikuwa anasikia. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki tatu, na jina lake lilisajiliwa kwenye kituo chetu, hakuna pengine. Akiondoka na mashua, miaka minne imepotea. Nilimweleza baba yake hivyo.

"Najua," akasema. "Unafikiri sijui? Nimwache na nani hapa? Na hao wanaoimba?"

Bi Tatu ndiye aliyesema, kwa upole, "Kaka, hiyo nchi ya mwalimu mimi naisikia mwaka wa ishirini huu. Mwenye makosa ni yeye, siyo watoto. Mwambie akupe upande mwingine."

Nahodha akanyanyua macho kwa mara ya kwanza. "Upande mwingine ndio upi?"

"Wale wanaovamiwa," nikasema.

"Wanashinda?"

"Hapana. Wanashindwa vibaya."

Akacheka, cheko la kutopenda. "Yaani umenipa vifaru, mimi ambaye hata injini ya mashua inanishinda. Sasa unanipa kushindwa. Haya. Watoto watarudi wacheze, kwa sababu Zuhura amelia tangu jana. Lakini Jumamosi yetu iko pale pale."

Nikabadili sehemu zote zikiwa zimebaki siku nne. Msifanye hivi kamwe. Watoto wa kijiji waliingia kwenye kifaru, na hapo ndipo nilipojua kwamba watoto ambao kila mmoja ana shamba la baba yake hawajui kutembea pamoja. Wa mbele alikuwa Hamisi, mtoto wa Bi Tatu, mrefu na mbishi. Kifaru kilikwenda kushoto nusu na kulia nusu. Wanane wa kambi, wakisaidiwa na wenzao wa kijiji waliokosa nafasi ndani ya turubai, wakawa Budapesti. Kaulimbiu niliifuta kabisa. Mkuu alipoona mazoezi ya mwisho aliniuliza kama Warusi wote walikuwa walevi.

Siku ya mahafali uwanja ulijaa. Mgeni rasmi alifika kutoka Kilindoni, makao makuu ya wilaya, amechelewa, suti yake ikiwa rangi ya barabara. Wanaume wa kijiji walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, na watu wa kambi pembeni kabisa, wamesimama, kama watu wanaosubiri kuitwa. Nahodha Bakari alikuwa mbele yao amekunja mikono.

Lilianza vizuri. Sanamu, ambayo ilikuwa mwanafunzi mmoja mnene juu ya meza, iliangushwa ikacheka ikiwa inaanguka. Ikaja bendera. Wananchi wa Budapesti wakaikamata nembo ya utawala dhalimu wakaanza kuikata kwa mkasi. Haikukatika. Wakaleta kisu cha samaki. Wakaleta meno. Wanne wakavuta upande huu, wanne upande ule, wanatoa sauti ya kuvuta mashua, na uwanja mzima ukaanza kuitikia nao. Mgeni rasmi alikuwa amesimama. Kiraka kilipoachia, kilitoka na nusu ya bendera, na shangwe iliyopigwa sidhani kama Budapesti yenyewe iliipata.

Kisha vifaru vikaondoka, yaani kifaru chetu kimoja kikaondoka, na watu wakafurahi. Wananchi wakapanga sahani za bati za shule chini, zimefunikwa kifudifudi. Hili si uongo wangu, inasimuliwa kweli kwamba watu wa kule walifanya hivyo barabarani, ili askari wadhani ni mabomu. Kisha Zuhura akapanda juu ya meza, akashika kipaza sauti kibovu. Yeye sasa alikuwa redio ya Budapesti.

Kifaru kilirudi. Kwa hasira zake zote kilielekea choo cha walimu, kikagonga ukuta, kikatukana kwa sauti ya Hamisi, kikageuka. Watu walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Zuhura hakucheka.

"Hii ni Budapesti," akasema. "Vifaru vimeingia mjini. Anayetusikia, njooni mtusaidie."

Nilikuwa nimemfundisha anyamaze baada ya kila wito, ahesabu mpaka tano. Kimya ni kifaa cha kazi, vijana, kitumieni, hakihitaji umeme. Akahesabu. Kicheko kikaanza kupungua. Wananchi wenzake mmoja mmoja walikuwa wanalala chini, kama tulivyopanga.

"Hii ni Budapesti. Anayetusikia, njooni."

Akahesabu tena. Sasa hapakuwa na sauti isipokuwa miguu kumi na sita ikiburuzika. Niliwaona watu wa kambi pembeni kule, na niliona wanawake kwenye mikeka wanawaangalia pia. Yule msichana mezani walimjua. Alikuwa anawauzia dagaa.

"Anayetusikia," akasema kwa mara ya tatu, na safari hii sauti ilimtetemeka bila mimi kumfundisha, "njooni."

Bi Tatu akasimama. Mimi nilidhani anafuata sahani zake, maana kifaru kilikuwa kimeshakanyaga mbili. Alizipita. Akaenda akasimama mbele ya meza, akajifunga kanga kiunoni. Akafuata mwanamke mwingine, kisha watatu, kisha mkeka mzima. Waliizunguka meza wakampa Zuhura migongo. Kifaru, ambacho hakioni, kikaja kikamgonga Bi Tatu tumboni.

"Nani huyo?" kikauliza.

"Mama yako. Geuza."

"Mama, mwisho haujafika. Mwalimu kasema tuwakanyage."

"Mwalimu utamkuta kwake. Geuza nimesema."

Wanawake wakalishika turubai wakalivua lote, na pale wakabaki watoto wanane wamelowa jasho, wameshikana viuno, wanapepesa macho juani. Zuhura juu ya meza alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Uwanja ulilipuka. Mkuu wa shule, ambaye aliniambia nisimtaje, alikuwa anapiga meza kwa kofia yake.

Mgeni rasmi akaomba kipaza sauti kizima. "Mwalimu, hongera. Tunaomba utuambie: ndivyo ilivyokuwa kule?"

Ningeweza kusema ndiyo. Kila mtu alikuwa na furaha. Nikakishika kipaza sauti.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema. "Haikuwa hivyo. Waliita, na hakuna aliyekwenda. Mji ukakanyagwa. Maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kwa miguu, na waziri mkuu aliyesimama upande wao akaja kunyongwa."

Nikajua nimeharibu mahafali. Bi Tatu, bado yuko mbele ya meza, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama vile tuko dirishani, "Hata jirani zao?"

"Hata jirani zao, Bi Tatu. Waliwapokea waliokimbia, lakini kwenda hawakwenda."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, kama aliyesikia habari za watu anaowafahamu.

Nahodha Bakari alivuka uwanja. Alitembea taratibu akipita katikati ya sahani, mpaka kwenye kundi la wanawake, na baadhi ya wazee waliosema mkutanoni walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Dada," akamwambia Bi Tatu, "sisi Jumamosi tunaondoka, hilo halijabadilika. Nyumbani kwako pana nafasi ya mtu mmoja mpaka mtihani uishe?"

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Basi ipo. Aje na mkeka wake, yangu yote Hamisi ameichakaza kwa mazoezi ya kifaru."

Mambo ya kambi na kijiji igizo langu halikuyamaliza, nisiwadanganye. Mashua ziliondoka Jumamosi, na mikutano ikaendelea na makelele yake. Lakini siku zote zilizobaki Zuhura alisoma jikoni kwa Bi Tatu. Siku ya karatasi ya historia nilimsubiri nje ya chumba cha mtihani, mkono kiunoni, nikijifanya napita.

"Hawajauliza Hungaria," akaniambia.

"Najua. Haimo kwenye muhtasari."

"Nimeichomeka kwenye Vita Baridi."

"Umeandika mwisho upi?"

"Ule wa kwao, mwalimu," akasema. "Huu wetu wasahihishaji hawaujui, wangenikosesha."

Akapokea sahani ya wali dirishani kwa Bi Tatu, akakaa chini akala.